Ndege ya Waya na Uwanja Uliolala Upande

Ukidondosha chungwa Marangu, usihangaike kulikimbiza. Panda daladala, ukalisubiri Himo. Kwetu nyumba zimechongewa nafasi ubavuni mwa mlima, mifongo inateremka mbio, na hata uwanja wa mpira wa shule una goli la juu na goli la chini. Nahodha akishinda sarafu haulizi jua wala upepo. Anachukua goli la juu, habari za kipindi cha pili anamwachia Mungu.

Nayasema haya mapema kwa sababu kila aliyesikia habari za ndege ya Baba aliniuliza kuhusu injini. Injini ilisumbua, sikatai, lakini injini ina dawa. Mteremko hauna.

Ndege hiyo Baba aliiunda mwaka 1977, mwaka ambao East African Airways ilikufa na Jumuiya ikaenda nayo. Yeye husema nchi ilipungukiwa ndege, ikabidi kila mwananchi achangie alichonacho. Mbavu za mabawa ni mianzi. Kiwiliwili ni plaiwudi ya sanduku la chai. Tangi la mafuta ni bati la kopo la Kimbo, na propela aliichonga mwenyewe kwa kisu kutoka kipande cha mringaringa, maana ile aliyoagiza Nairobi ilikwama ng'ambo: mpaka wa Kenya ulifungwa Februari mwaka huohuo, ukaja kufunguliwa 1983. Injini ilikuwa imewahi kuvuka Taveta. Ni Mills ya Kiingereza, mtumba tangu siku hiyo, yenye ujazo wa cc 1.3. Ukiigawa injini ya bodaboda ya kawaida, unapata za namna hiyo karibu mia.

Ndege yenyewe haina rimoti. Nyaya mbili nyembamba za chuma, mita kumi hivi, zinatoka kwenye bawa la kushoto hadi kwenye mpini anaoushika rubani, naye anasimama katikati na kuzunguka nayo. Mpini ukilalia nyuma ndege inapanda, ukilalia mbele inashuka. Kwenda kokote zaidi ya hapo hairuhusiwi.

Krismasi iliyopita, majira yale ambayo Dar es Salaam yote huhamia mlimani, wajukuu waliikuta darini. Baba, ambaye Desemba nzima alikuwa halali kwa mgongo, alipanda ngazi mwenyewe kuwaonyesha namna ya kuishusha.

Propela haikuzunguka. Tukaipeleka injini kwa fundi pikipiki wa pale barabarani, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mzee, plagi yake iko wapi?"

"Haina plagi."

"Basi hii imenoki," akasema, akamwagiza kijana wake nyundo.

Baba akamnyang'anya injini. "Haijanoki. Imelala."

Njia nzima ya kurudi nilipewa somo. Injini hizi hunywa mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, kila kimoja theluthi. Etha ikibanwa vya kutosha hujiwasha yenyewe, ndiyo maana plagi haitakiwi. Juu ya silinda kuna skrubu tu ya kuongeza au kupunguza mbano. Nyonyo ndiyo oili yake. Inavumilia joto kweli, ila ikiachwa muda mrefu hukauka ikawa gundi. Pistoni yetu ilikuwa imeshikwa na nyonyo ya enzi za Mwalimu, na nyonyo ya enzi zile, Baba alisema kwa fahari, haikuchakachuliwa.

Dawa ni kuichemsha. Baba alichagua kulanti, ile ya kijani ya kwenye rejeta, akachagua pia sufuria, na akachagua saa ambayo Mama yuko ibada ya pili. Ikatokota vizuri nyuma ya nyumba. Asichokipanga ni Shangazi kufika na basi la usiku. Shangazi hakuuliza. Alifunua, akatazama, akatia chumvi, ndipo akauliza supu hiyo ni ya nini.

Kulanti ni sumu, kwa hiyo sufuria ilivuliwa cheo jikoni saa hiyohiyo, na sasa inahifadhi misumari stoo. Mama hakugomba. Aliandika bei ya sufuria mpya kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo cha picha yao ya harusi, upande wa Baba. Lakini pistoni iliteleza. Baba aliifutafuta kwa kanga ambayo sitaki kujua ilikuwa ya nani.

Mimi nikatumwa Moshi mjini kutafuta mafuta. Etha haikunitesa, imo kwenye kopo la kunyunyiza ambalo madereva wa malori huwashia injini asubuhi za baridi. Nyonyo ndiyo iliyoniaibisha. Siku hizi inauzwa kwenye maduka ya vipodozi, na dada wa dukani alitaka kunihudumia inavyostahili.

"Ya nywele au ya tumbo, kaka?"

"Ya ndege."

Aliangalia kipara changu kwa huruma, akanipa chupa kubwa, akapunguza na bei bila kuombwa. Ilikuwa na manukato. Baba aliinusa, akairudisha mikononi mwangu, nikashuka tena mjini hadi kwa mama mmoja wa soko la Mbuyuni anayeuza nyonyo isiyo na kitu. Ile ya manukato ninayo bado, na naipaka, kwa kuwa nimekwisha kuilipia.

Karatasi ya mabawa ilikuwa imeliwa na panya. Tukavisha mabawa nailoni ya mwavuli uliotolewa bure na kampuni moja ya simu, hivyo bawa la kulia likawa linatangaza nusu ya ofa iliyokwisha muda wake.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji akaja. Alikuwa amesikia kuna droni kwa Mzee, na droni, kama kila mtu ajuavyo, haiinuliwi bila kibali. Akaizunguka ndege, akainama kutafuta kamera, akaomba aelezwe inarukaje. Baba akamwonyesha nyaya na mpini.

"Kumbe imefungwa kamba kama mbuzi?"

"Imefungwa."

"Basi hii ni mifugo," akasema mwenyekiti, akafunga daftari. Ninamheshimu sana mtu huyu. Wapo wenye ofisi kubwa ambao wangeunda kamati.

Tarehe 26 Desemba asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo, tulikuwa uwanjani na nusu ya ukoo. Baba alianza kwa hotuba. Kibo, alisema, si mgeni wa ndege: Mswisi Walter Mittelholzer aliiruka na kuipiga picha mwaka 1930, kwa injini zaidi ya moja na fedha za matajiri. Sisi tuna moja, na fedha ni za pensheni. Halafu akaanza kuipiga propela kwa kidole. Injini ya mbano ina tabia ya kurudisha kipigo, na ilimrudishia, na Baba akatamka maneno ya Kichagga ambayo wajukuu wa Dar waliomba watafsiriwe.

Huku juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua karibu sehemu moja kati ya saba. Kwa hiyo aliongeza mbano, akabana sindano ya mafuta, akapiga tena. Ikawaka! Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umbo lake mara nyingi, na moshi wa nyonyo ukatuzunguka, ukinukia saluni na dispensari kwa pamoja. Mimi nikaishika, Baba akaenda katikati na mpini, akanipungia kofia. Nikaachia.

Iliruka. Nasisitiza, kwa sababu Shangazi anasimulia vingine. Iliruka, na hapo mteremko ukaingia kazini. Ndege ya waya hutaka duara lililo sawa. Uwanja wetu haulijui neno hilo. Upande wa goli la chini ilipita juu ya vichwa vya watu kwa raha zake, upande wa goli la juu ikakata majani. Basi kila mzunguko Baba alilazimika kuinua, kushusha, kuinua, kushusha, huku yeye mwenyewe anazungushwa, mzee wa karibu miaka themanini aliyekataza mtu yeyote amshike. Kofia ilianguka. Miguu ikaanza kupishana. Mama akapaza sauti, "Baba Nanii, keti chini!" naye akajibu, bila kusimama, kwamba rubani haketi.

Waya mmoja ulikatika upande wa goli la chini. Ulikuwa wa 1977; nilishauri tuubadilishe, nikaambiwa vitu vya zamani ni imara. Wa pili ukafuata mwenzake, na ndege ikaondoka zake, ofa ya simu ikiwaka juani, ikaingia kihambani kwa jirani na kuangusha mkungu wa mshare uliokuwa umesubiriwa kwa sherehe ya ubatizo.

Kwetu kosa la namna hiyo haliendi na pesa kwanza. Jioni Baba alikata jani la isale, tukabeba na mbege, tukaenda kuomba radhi. Jirani alilipokea isale, akanywa, akakaa kimya muda wa kututesa kidogo, kisha akasema yamekwisha. Akakivuta kigoda karibu na Baba.

"Aika, mbe. Sasa niambie. Hii ndege inaweza kuzunguka kwa upande wa pili?"

"Upande wa pili kwa nini?"

Jirani akaonyesha kwa kidevu kihamba kilicho chini ya chake, cha bwana ambaye wamekuwa wakigombania mpaka tangu kabla sijazaliwa.

Baba alifikiri. Ndege za waya huzunguka kinyume cha saa, akaeleza. Kuigeuza kunataka kuhamishia nyaya bawa la kulia, kupindua usukani wa mkia na kupima uzito upya. Si kazi ndogo. Lakini haishindikani. Akaomba karatasi na kalamu, na mimi nikatumwa nyumbani kuleta rula.