Vitenzi vya Kupindua na Nyumba Yangu

Katika lugha ya Kiingereza kuna kitenzi kimoja chenye majivuno makubwa, nacho ni "revolutionize", ambacho maana yake ni kukigeuza kitu mpaka mizizi yake ikae juu na matawi yake chini, na ambacho wauza sabuni, walimu wa elimu mpya na wanasiasa wa kila tabaka hukitumia kwa ukarimu wa mtu atiaye chumvi katika mchuzi asioula yeye. Umri wake si mkubwa, kwani kilizaliwa katika muongo wa mwisho wa karne ya 18, baada ya Wafaransa kuanza mapinduzi yao mwaka 1789. Walakini kimejaaliwa jamaa wengi, wakiwamo "transform", "overhaul", "revamp", na yule mcheshi wa ukoo, "transmogrify", ambaye nasaba yake haijathibitika mpaka leo.

Jamaa hawa wanakaa pamoja katika kitabu cha visawe cha tabibu wa London, Peter Mark Roget, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1852, mwenyewe akiwa shaibu wa miaka 73. Shaibu huyo aliyagawa mawazo yote ya binadamu katika vifungu 1,000, na kwa insafu yake akayaweka yaliyo kinyume yatazamane: mabadiliko yakapata kifungu cha 140, kudumu kukapata cha 141, na mapinduzi, kwa kuwa ni mabadiliko yenye ghasia, yakasogezwa mpaka kifungu cha 146. Kitabu chenyewe ni cha amani, wala sikilaumu kwa yaliyotokea. Bahati mbaya ni kwamba kiliingia nyumbani kwangu, hapa Tanga, kwapani mwa mpwa wangu, kijana aliyejaaliwa elimu, afya na likizo ndefu. Na mtu aliyekusanya neema hizo tatu kwa pamoja ni wa kuchungwa hata akiwa amelala.

Rafu ya viungo jikoni ndiyo iliyofikiwa kwanza. Mke wangu hatafuti kiungo kwa macho, kwa sababu jiko letu lina moshi na macho hayamfai. Mkono wake huenda peke yake, nao huijua chupa ya iliki kwa umbali wake kutoka dirishani. Mpwa wangu aliuona utaratibu huo kuwa ni masalia ya ujinga, akaazimu kuvipanga viungo vyote kwa alfabeti ya Kiingereza. Na hapa msomaji na astaajabu pamoja nami: iliki, mdalasini, karafuu, giligilani, bizari nyembamba na pilipili, viungo ambavyo baadhi yake Wazungu walivivukia bahari na kuvipigania kwa mizinga, vyote kwa Kiingereza huanza kwa herufi moja, nayo ni C. Basi C ikasongamana hata chupa zikapandana, ilhali pilipili manga ilistarehe peke yake katika B, na tangawizi ikawa mtawa katika G. Jioni ile ile wakaja wageni. Mkono wa mke wangu, ambao haukuwa umepewa taarifa ya mageuzi, ukaenda ulikozoea kwenda, ukachukua bizari, ukaitia katika chai. Wageni wetu ni watu wa murua. Walikunywa mpaka vikombe vikakauka, na mmoja wao, alipokuwa akivaa viatu, aliuliza kwa upole kama nyumbani mna mgonjwa wa tumbo.

Kitenzi kilichofuata kilikuwa "overhaul", ambacho kwa asili ni cha mabaharia, waliokuwa wakizilegeza kamba za merikebu na kuzivuta upande wa pili ili wazikague. Sisi hatuna merikebu, lakini tuna saa ya ukutani, urithi wa marehemu baba, nayo ikateremshwa, ikafunguliwa, ikapanguswa, ikafungwa tena, na vipande fulani vya shaba vikasalia juu ya meza, ambavyo mpwa wangu alituhakikishia kuwa havikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo. Saa ilikwenda, sikatai; ila katika kuirudisha ukutani aliitega kwa hesabu ya Kizungu, akiona ni fedheha saa ya watu wastaarabu kusema moja wakati dunia iliyoendelea inasema saba. Na kwa kuwa mapinduzi hayapendi kubaki ukutani, aliyatia pia katika kadi za karamu niliyokuwa nimeiandaa saa saba mchana, akaandika "saa 1", bila ya neno lingine la kumwongoza msomaji. Waalikwa, ambao walikuwa hawajapinduliwa bado, walisoma saa moja kama walivyofunzwa na wazazi wao. Wenye bidii wakafika asubuhi, wakanikuta nimejifunga shuka na mswaki mdomoni. Wenye kupenda mambo ya baridi wakafika jioni, wakakuta masufuria yameoshwa. Saa saba mchana, wakati wali ulipopakuliwa na nyama ikitoa moshi, hapakuwa na mtu mkekani ila mpwa wangu, naye alikula kwa niaba ya wote.

Lau angalisoma tarikhi ya hao waliokizaa kitenzi chake, angaliiogopa saa. Wafaransa katika mapinduzi yao waliigawa siku katika saa 10, kila saa ikawa na dakika 100, na kila dakika sekunde 100, wakayafanya hayo kuwa sharti kuanzia Septemba 1794. Na ilipofika Aprili 1795 wakayasitisha wenyewe. Wiki yao ya siku 10, iliyomfanya mfanyakazi aingoje siku ya mapumziko mpaka magoti yamlegee, ilikongoja mpaka mwaka 1802, ndipo Napoleon alipoizika. Ikiwa watu waliothubutu kumkata mfalme kichwa walishindwa na saa, seuze kijana mwenye bisibisi ya kuazima?

Ama "revamp" ni kitenzi cha mafundi viatu, maana "vamp" ni ngozi ya juu, ile inayofunika mbele ya mguu, na kukirudishia kiatu ngozi hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno. Viatu vyangu vilikuwa vikongwe na vibaya vya sura, na katika ubaya huo ndimo ilimokuwa salama yao: kila Ijumaa niliviacha mlangoni pa msikiti kwa moyo mkunjufu, nami hata nilipochelewa kutoka nilivikuta pale pale, kwa kuwa hapakuwa na mwizi aliyejishusha daraja kiasi hicho. Mpwa wangu akavipeleka kwa fundi bila ya kuniuliza, vikarudi na ngozi mpya, vimepigwa rangi, vinang'aa hata nikaona ndevu zangu ndani yake. Ijumaa iliyofuata khatibu alihutubu juu ya amana, hotuba njema iliyowaliza wazee. Nasi tulipotoka, viatu vilikuwa vimekwisha kwenda zao. Nilirudi nyumbani pekupeku juu ya mchanga wa adhuhuri, nikirukaruka kwa namna isiyolingana na umri wangu wala na kanzu yangu, na mpwa wangu aliponipokea akasema, kwa furaha isiyofichika, "Mjomba, huo ndio ushahidi kwamba kazi ilikuwa nzuri."

Kwa habari ya "transmogrify" sitasema mengi. Kanzu ile ile ilifuliwa pamoja na kanga mpya nyekundu, kwa nadharia ya kuokoa maji, nayo hivi sasa haina rangi inayoweza kutajwa mbele ya watu.

Nikiwa nimeketi barazani bila ya viatu, nilivichungua vitenzi hivi, nikagundua kwamba karibu vyote ni vya jinsi moja: havisimami mpaka vipate kitu cha kukitenda, na kitu hicho aghalabu ni mali ya mtu mwingine. Rafu ilikuwa ya mke wangu, saa ya marehemu baba, viatu na kanzu vyangu mimi. Chumba cha mpindua mwenyewe, pamoja na godoro lake lisiloanikwa, soksi zake zilizotengana na ndugu zao, na vikombe vyetu tulivyodhani vimeibwa, kilikuwa kingali katika kifungu cha 141.

Mke wangu hakusoma kitabu chochote. Usiku mmoja alivirudisha viungo vyake mahali pao, chupa baada ya chupa, bila ya tangazo. Na maadamu Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543, alilitumia jina la Kilatini la mapinduzi kwa mzunguko wa falaki, ambazo huzunguka na kurejea zilipoanzia, basi kwa maana hiyo kongwe mwanamapinduzi wa nyumba hii alikuwa ni yeye. Asubuhi akamwita kijana, akampa chai ya iliki, akamwambia, "Mwanangu, umetuhudumia vya kutosha. Leo kipindue chumba chako."

Kijana alifikiri kwa taadhima, kisha akajibu, "Mkaza mjomba, jambo hilo lataka utafiti kwanza."

Utafiti huo ungali unaendelea, naye huufanya akiwa amelala.