Mwongozo wa Kushindwa Kesi ya Mtoto

Mwongozo huu ni wa mzazi yeyote wa Gwarama, Kibondo au Kasulu ambaye mahakama ilishaamua mtoto akae na nani na matunzo yawe kiasi gani, naye sasa anaona amri ile imepitwa na wakati. Pengine mazao yamekataa. Pengine mzazi mwenzako ameanza maisha mapya Muhange, au wewe umepata kazi Mwanza. Sheria inakusikia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu amri ibadilishwe ikiwa ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au ya makosa, au ikiwa hali imebadilika kweli kweli. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inatoa nafasi ya kuomba amri ya matunzo ibadilishwe au ifutwe. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Ipo nyingine ya kushindwa, na wengi huifuata bila kufundishwa. Kwa wachache wasioijua, hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza: ibadilishe amri mwenyewe

Mahakama iko mbali na nauli ya bodaboda ni pesa. Kaeni na mashemeji wawili na mwenyekiti wa kitongoji, agizeni pombe ya ndizi, mkubaliane kwamba elfu hamsini ya kila mwezi iwe elfu ishirini "mpaka maharage yatoke". Msiandike chochote, maana kuandika ni kutoaminiana. Mwaka ukiisha mwenzako atadai limbikizo kwa hesabu ya elfu hamsini. Shemeji mmoja atakuwa amehamia Tabora kwenye tumbaku, wa pili hakumbuki, na mwenyekiti ataapa kwamba alipita tu kusalimia. Hakimu atasoma amri iliyomo kwenye jalada, nayo bado inasema elfu hamsini.

Hatua ya pili: subiri afikishe miaka saba

Kila kijiwe kina bingwa wa sheria atakayekuhakikishia kwamba mtoto ni wa mama mpaka miaka saba, na kesho yake asubuhi ni wa baba. Mwamini. Usiulize zaidi, kwa sababu ukiuliza utaambiwa kwamba Sheria ya Ndoa inasema tu kuwa ni vema mtoto wa chini ya miaka saba awe na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali inaposema kwamba akifikisha saba anahama na godoro lake.

Basi azima pikipiki, msubiri karibu na lango la shule, mpakie na begi lake, uondoke. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu aliyepewa haki ya kukaa naye. Asubuhi ulikuwa mzazi mwenye hoja. Jioni utakuwa unajieleza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Hatua ya tatu: lia umaskini

Andika kwenye kiapo chako kwamba huna kitu. Usiorodheshe mapato wala madeni, na usimtaje mtoto mwingine unayemlea, ingawa mahakama inapaswa kupima kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine walio juu yako, na gharama za maisha pale mtoto anapokaa. Wewe sema tu "hali ngumu".

Mahakama inaweza kuagiza afisa ustawi wa jamii akutembelee na kuandika taarifa. Mkaribishe ndani, mketishe chini ya mabati yanayong'aa, mkabala na pikipiki ambayo kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Mwambie ni ya rafiki. Akigeuka, hakikisha mwanao wa mwisho anamwambia, "Baba kainunua juzi."

Ukibanwa zaidi, sema elimu ni bure. Ni kweli, shule za serikali hazitozi ada, lakini hakimu anajua kwamba sare, madaftari, viatu na ugali wa jioni havikufutwa pamoja na ada. Usithubutu kukumbusha enzi za sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, ambayo ukomo wake ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na hakuna aliyeililia.

Hatua ya nne: fanya biashara

Hii ni ya akina mama na akina baba sawasawa. Baba akichelewesha pesa, mama amnyime kumwona mtoto. Mama akimnyima, baba akate pesa. Matunzo na kumwona mzazi vibadilishaneni kama debe la mahindi kwa debe la maharage. Mahakama haioni hivyo: kula ni haki ya mtoto, na kumjua mzazi wake ni haki yake nyingine. Atakayekwenda kuomba mabadiliko akiwa ameshavunja nusu ya amri ataulizwa kwanza habari za nusu hiyo.

Hatua ya tano: mfundishe mtoto ushahidi

Maoni ya mtoto husikilizwa yakiwa ni yake, hayakutoka kwa mtu. Kwa hiyo mkaririshe usiku kucha, na asubuhi mnunulie biskuti. Akiulizwa anataka kukaa wapi, atajibu vizuri kwamba anataka kukaa kwa baba. Akiulizwa kwa nini, ataanza kutafuta macho yako.

Uje pia na ukoo mzima kutoka Kasanda. Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri yake kwa faragha, hivyo mashangazi watabaki nje chini ya mwembe wakikuhesabia nauli ya kurudi.

Kwa mbishi anayetaka kushinda

Anza kwenye masjala ya mahakama iliyotoa amri ya kwanza, na ubebe nakala yake. Eleza nini kimebadilika tangu siku ile na uthibitishe: barua ya kazi, cheti cha hospitali, ujumbe wa malipo kwenye simu. Huna fedha ya wakili, waulize wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Usizungumzie mwenzako alivyokukosea. Zungumzia mtoto anavyoishi, kwa sababu maslahi yake ndiyo yanayopimwa. Na mpaka hakimu atakapotia saini amri mpya, timiza ile ya zamani, hata kama inauma.