North Country kwa Macho ya Likasi: Tunahesabu Kutoka Nane Hadi Moja

Akina mama wa Likasi, na ninyi akina baba mnaopenda kukaa kiti cha mbele, sogeeni kidogo mtupe nafasi. Filamu ya leo ni North Country ya mwaka 2005, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa L'Affaire Josey Aimes. Ni ya Kimarekani, lakini imeongozwa na Niki Caro wa New Zealand na kubebwa mgongoni na Charlize Theron wa Afrika Kusini. Theron ni Josey, mama wa watoto wawili anayemkimbia mume mpigaji, anarudi kwa wazazi wake Minnesota, anaajiriwa kwenye mgodi wa chuma, na kukuta wanaume wanaoamini amekuja kuwaibia kazi. Mji wa mgodi, baba mfanyakazi wa kampuni, vumbi juu ya kila kitu: hayo watu wa Shituru na Panda, hapa Likasi, hawahitaji kuelezwa. Naipenda filamu hii, na nina ugomvi nayo. Tuhesabu.

8. Vumbi badala ya visigino

Hollywood ikitaka kumwonyesha mwanamke kazini, humpenda akiwa ofisini New York. Working Girl ya 1988 iko huko, The Devil Wears Prada ya 2006 iko huko: maghorofa, viatu virefu, kahawa ya bosi mkononi. Hata wale wanawake watatu wa ofisini wa 9 to 5 ya 1980, akiwamo Dolly Parton niliyempenda toka siku ya kwanza, walipambana wakiwa wamechana nywele vizuri. Josey anavaa kofia ngumu na ovaroli, na uso wake ni vumbi tupu. Mama wa Likasi akimwona atasema: huyu namjua, mpeni maji anawe.

7. Mlango uliofunguliwa kwa amri

Mwanamke hakuingia migodi ya Minnesota kwa huruma ya meneja. Mwaka 1974 makampuni tisa ya chuma ya Marekani yalilazimika kukubali, kwa hati ya mahakama, kwamba nafasi mpya 20 katika kila 100 ziende kwa wanawake na kwa jamii zilizokuwa zikibaguliwa. Machi 1975, Lois Jenson, ambaye maisha yake ndiyo yaliyozaa Josey wa filamu, alianza kazi kwenye mgodi wa Eveleth. Alikuwa akimlea mwanawe peke yake, na alifuata mshahara kama mzazi yeyote anavyoufuata.

Sasa tazameni kwetu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, iligundua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mchimbaji aliyekaa na familia haondoki ovyo. Ikawaleta wake kambini. Mke akapata posho kwa jina la mume, nyumba kwa jina la mume, na nafasi ya kujifunza kushona na kupiga pasi kwenye foyer social. Bila yeye hakuna aliyeshiba akashuka kazini asubuhi, wala hakuna mtoto ambaye kampuni ingemwajiri baada ya miaka ishirini. Alizalisha shaba ya Katanga kwa bukari na sombe yake, na kwenye orodha ya mishahara jina lake halikuwamo. Baba, usikohoe. Tunaendelea tu.

6. Jiko lililofungwa

Sissy Spacek ni mama yake Josey, mwanamke wa kukaa kimya na kupakua chakula. Mume wake, naye mfanyakazi wa mgodi huohuo, anamwonea binti yao aibu. Siku moja mama anachoka. Hapigi kelele, hatupi sahani. Anaondoka nyumbani na kumwachia mume jiko lake. Huo nao ni mgomo, na haukuhitaji chama wala bango. Mzee anaanza kufikiri upya mara tu anapotazama sufuria tupu. Akina mama, msinishangilie kwa sauti, watoto wanalala.

5. Choo

Wanawake wa mgodi wanaomba choo chao. Kinaletwa kibanda cha kuhamishika, kisha wanaume wanakitikisa mpaka kinapinduka na msichana yumo ndani. Ni tukio la dakika chache, na ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Meneja yeyote anayejigamba kwamba kampuni yake inawaheshimu wanawake, muulizeni kwanza choo chao kiko wapi na ufunguo anao nani.

4. Eti mwanamke anafukuza madini

Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo huku Katanga bado utasikia kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Marekani nao walisimuliana hivyohivyo, kwamba mwanamke mgodini ni mkosi. Bahari nzima kati yetu, na uongo ni mmoja! Malakaiti haina macho, jamani. Haijui nani amevaa suruali na nani amevaa kitenge.

Imani hiyo ina faida kwa mtu, ndiyo maana haifi. Shimoni ndiko kuliko na fedha. Mwanamke akizuiwa hapo, anabaki kuosha mawe akiwa ndani ya maji hadi magotini, kuchambua, kubeba, kupika na kuuza chakula, yaani kazi zile zenye malipo madogo. Mgongo unaouma ni wake, na bei anapangiwa na mwingine. Wenzetu wa Tanzania waliamua kutosubiri: tangu 1997 wana chama chao cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kinachowatafutia leseni, mafunzo na soko. Mwanamke mwenye leseni mkononi hafukuziki kwa hadithi za mkosi.

3. Ugomvi wangu na Hollywood

Nimesema ninao, na huu hapa. Filamu inatuonyesha mwanamke mmoja, wakili mmoja, jaji mmoja na kesi inayokwenda mbio. Marekani inampenda shujaa wa peke yake. Inampenda hivyo katika sinema za wachunga ng'ombe, na inampenda hivyo hata katika sinema ya haki za wanawake. Historia yenyewe ilikuwa ndefu na chungu zaidi. Lois Jenson alipeleka malalamiko kwa idara ya haki za binadamu ya Minnesota Oktoba 1984, na baada ya hapo matairi ya gari lake yakakatwa. Kesi ilifunguliwa 1988. Mwaka 1991 mahakama ikakubali iwe kesi ya kundi, ya kwanza ya aina hiyo Marekani kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Mawakili wa kampuni wakafukua hadi rekodi za hospitali za wanawake hao. Patricia Kosmach, aliyesimama na Jenson tangu mwanzo wa kesi, alifariki 1994 kwa ugonjwa unaodhoofisha misuli, kabla ya kuona mwisho. Frances McDormand, katika nafasi ya Glory, rafiki wa Josey mgodini, anatuonyesha maumivu ya ugonjwa huo, na kwa hilo nampigia makofi. Lakini miaka 14, toka malalamiko hadi malipo, imegeuzwa kuwa msimu mmoja wa baridi.

Sisi tungeisimulia kwa wingi. Desemba 1941, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa na Elisabethville wakidai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi. Tunaposimulia siku zile tunasema "waligoma". Filamu ya aina hii ikipigwa siku moja Likasi, naomba iwe na mashujaa wengi hadi kamera ikose pa kuwaweka.

2. Baba anachukua maikrofoni

Mkutano wa chama cha wafanyakazi, ukumbi umejaa wanaume, Josey anajaribu kusema na anazomewa. Ndipo baba yake, Hank, mzee yule wa sufuria tupu, anapanda mbele. Anawaambia wenzake kwamba hao wanaozomea ndio waliokula nyumbani kwake, na kwamba leo anawaonea aibu wao. Ukumbi unanyamaza. Richard Jenkins anaicheza sehemu hiyo bila kupandisha sauti, na nikilia hapo msinipe leso, niacheni nilie.

Tukio hili lina maana ya pekee kwa Likasi. Mwaka 2003 kampuni ya migodi Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na miezi mingi bila mshahara. Akina baba walirudi nyumbani na kiasi kisichofika mbali, na akina mama wakatoka: kuuza makaa, kuuza unga, kulima pembezoni mwa mji, kulipa ada za shule. Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa bado inamtaka mke aombe idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Ilirekebishwa Julai 2016 tu. Kwa hiyo kwa miaka mingi mama alilisha nyumba nzima huku sheria ikimhesabu kama mtu wa kuombewa ruhusa. Wangapi katika akina baba hao wamewahi kusimama mbele za watu, kanisani, kwenye kilio, kwenye mkutano wa ukoo, wakasema: aliyetuokoa ni huyu? Baba, maikrofoni hii hapa. Haiumi.

1. Wanasimama

Mahakamani Josey anabaki peke yake. Jaji anahitaji wanawake wengine wajiunge naye, na wenzake wanaogopa, kwa sababu wana watoto wa kulisha na mgodi ni mmoja. Glory yuko kwenye kiti cha magurudumu, hawezi tena kusema. Anagonga kiti chake, na mume wake anasoma maneno aliyoyaandika. Kisha mwingine anasimama. Kisha mwingine. Hapa filamu inamwacha shujaa wake wa peke yake na kusema kweli: Josey ndiye aliyethubutu kwanza, lakini kesi ilianza kuwa na nguvu pale wengine walipoacha kutazama sakafu.

Mwisho wa Desemba 1998, wanawake 15 wa Eveleth walipata dola milioni 3.5. Sisi hatuhitaji kusubiri mahakama za Minnesota. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inahesabu unyanyasaji wa kingono kuwa kosa kubwa la mwajiri, na sheria ya Julai 2006 imeufanya kuwa jinai. Mgogoro wa kazi huanzia kwa mkaguzi wa kazi kabla ya kufika mahakamani. Mama, ikiwa kuna anayekusumbua kiwandani, ofisini au machimboni, andika tarehe, andika maneno aliyosema, tafuta wawili waliotendewa kama wewe, na mwende kwa mkaguzi mkiwa watatu. Na wewe uliyeombwa kuwa wa tatu, nenda.