Koni Hatuna, Madumu Yapo

Otokrosi ni mbio za gari na saa. Unapangiwa njia kwa koni, bendera inashushwa, unazunguka peke yako, muda unaandikwa. Wamarekani hucheza kwenye lami ya maegesho makubwa, na kila koni unayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Wenzetu Wakenya hucheza kwenye vumbi. Niliposikia vumbi, nikajua watu wa Dodoma tumeonewa sana kutoalikwa mapema. Mwezi wa tisa hapa kwetu, upepo ukishaamka, hata mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi anarudi na sura ya bingwa wa taifa.

Mwaliko ulitoka kwa binamu yangu wa Arusha, mtu wa gereji. Huyu husimulia jinsi Joginder Singh alivyoshinda mbio za magari za Safari Rally za mwaka 1965 na ile Volvo yake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa pembeni akisoma ramani. Aliyekaa pembeni ni Jaswant, ndugu wa Joginder. Binamu alikuwa bado hajazaliwa.

"Kaka, wanaoanza wana daraja lao," aliniambia kwenye simu. "Njoo na hiyohiyo Toyota yako. Cha msingi upite ukaguzi."

Leseni yangu ilikuwa mpya kiasi kwamba nilikuwa naionyesha hata nisipoulizwa. Nikakubali.

Masharti ya ukaguzi hayakutisha: betri ifungwe isicheze, nati za matairi zikazwe, mikanda ifanye kazi, dereva awe na kofia ngumu. Sharti la mwisho ndilo lililovuruga nyumba: ndani ya gari kusiwe na kitu kisichofungwa. "Chochote kinachoweza kuruka, kishuke," alisema binamu. Sababu yake ni ya haki kabisa. Ukikata kona kwa kasi, chupa ya maji inaweza kubingirika ikaenda kulala chini ya pedeli ya breki, na wewe ukabaki unakanyaga chupa.

Lakini gari la mtu mwenye ndugu Dodoma halimilikiwi, linatunzwa kwa niaba ya ukoo. Nilipofungua buti, zilitoka sare za kwaya, mwavuli (mvua zetu huanza Desemba), jiko la mkaa, kiti cha plastiki, kandambili ya mguu mmoja, na nusu mfuko wa saruji iliyoshaganda. Ya saruji msishangae. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, kila mtu huku anajenga, au amesimama kidogo kujenga. Na kila kilichoshuka kilikuwa na mwenyewe. Mama wa kwaya alikuja na malalamiko rasmi: sare zinakaa kwenye gari kwa sababu kanisani kuna panya. Je, nimewaandalia nini panya?

Fundi alikaza nati, akafunga betri kwa mpira wa tyubu, akaigeukia taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Akaitibu papo hapo: akabandika juu yake kipande cha utepe mweusi. Redio, iliyokuja na gari kutoka Japani, ikasema maneno yake ya kila siku kwa Kijapani. Sijui huwa inanitakia safari njema au inanisihi nishuke.

Kofia ngumu niliazima kwa kijana wa bodaboda wa kijiweni. Alinitazama, akalitazama gari, akauliza, "Kwani bro, bati la juu limetoka?"

Basi tukaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja mtupu pembezoni mwa Ilazo. Koni hatukuwa nazo, tukapanga madumu ya njano ya lita 20, tukihesabu hatua kati ya dumu na dumu. Hapo tulisahau tuko wapi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, mamlaka ya ustawishaji ikaundwa mwaka huohuo, ikavunjwa mwaka 2017, na muda wote huo watu wamekuwa wakipimiwa, wakingojea kupimiwa, au wakipinga walivyopimiwa. Mtu akionekana anahesabu hatua kwenye kiwanja na kusimika kitu, huyo ni mpima ardhi. Watu wakaanza kutoka majumbani. Mzee mmoja alifika na bahasha ya kaki kwapani.

"Mbukwa. Mnapima kwa idhini ya nani?"

"Shikamoo baba. Hatupimi. Tunajifunza kukata kona."

"Kateni kona. Eneo langu msilikate."

Akakaa kivulini kusimamia.

Nikaingia kwenye gari. Nilikuwa gia ya pili, usukani umeanza kunisikiliza, ndipo ikapigwa kelele mtaa mzima: "Maji yametoka!" Sasa, maji yetu mengi hutoka visima vya Makutupora, na ile akiba ya chini ya ardhi hujazwa hasa na mvua kubwa za nadra, kama zile za El Niño za 1997 na 1998. Bomba likitiririka huku, dumu tupu halisimami uwanjani kwa ajili ya sekunde za mtu. Akina mama na watoto walimiminika, na njia yangu ikabebwa mbele ya macho yangu, kona baada ya kona. Dumu la mwisho lilichukuliwa na mke wangu, hata hakugeuka.

Akabaki mzee wa bahasha. Alisogea hadi lilipokuwa dumu, akasimama wima. "Zunguka, mwanangu. Mimi nitakuwa hapa." Nilizunguka kwa mwendo wa harusi. Sheria za Wamarekani hazisemi mzee ni sekunde ngapi.

Siku ya safari, gari likiwa jeupe ndani, nikaoga haraka ili niiwahi lami ya Kondoa na Babati kabla ya jua. Nilipotoka, shangazi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda. Nyuma kulikuwa na unga wa uwele, karanga, na jogoo.

"Uende Arusha mikono mitupu? Watatusemaje?"

"Shangazi, wamesema kitu chochote kinachoweza kuruka kishuke."

"Jogoo nimemfunga mabawa," akasema. "Na zabibu nimezitia kwenye hiyo kofia yako. Hazitaruka."