Biskuti za Mkaguzi, Biskuti za Nondo

Siku mkaguzi wa majengo wa halmashauri anapotarajiwa, kiwanja cha ujenzi hupata usafi ambao hata nyumba ikiisha hautarudi tena. Mifuko mitupu ya saruji inachomwa moto, kokoto zinarundikwa vizuri, na kibarua anayeshinda kifua wazi anavalishwa kofia ngumu iliyoazimwa kwa jirani. Kwa kuwa kofia ni moja, inahama kichwa hadi kichwa kufuatana na upande anaotazama mkaguzi. Kiti cha plastiki kinafutwa vumbi na kuwekwa kivulini. Mtoto anatumwa dukani akalete soda ya baridi na pakiti ya biskuti. Kila kitu kiko tayari isipokuwa msingi. Kosa letu ni kwamba tunauandalia ukaguzi kama tunavyoandaa ugeni, na kanuni kuu ya ugeni ni kwamba visivyopendeza visukumwe chumba cha ndani na pazia lishushwe. Ukaguzi unataka kinyume chake kabisa: cha ndani ndicho kiachwe wazi, na cha nje kiwe vyovyote kitakavyokuwa.

Sababu iko kwenye zege lenyewe, kwani likishamwagwa halina dirisha. Ndiyo maana ukaguzi huja kwa hatua, msingi kabla ya kumwaga, kisha jamvi, linta, hadi paa, maana kila hatua inaizika ile iliyotangulia. Chukua kitu kidogo kama biskuti, vile vipande vya saruji na mchanga ambavyo mafundi huviweka chini ya nondo ili zisilale kwenye udongo. Msingini, ramani nyingi hutaka nondo zifunikwe na zege la kama milimita 50, kwa sababu chuma kinachokaa karibu na unyevu hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hulipasua zege kutokea ndani. Biskuti ya namna hii haipatikani kwa kumtuma mtoto. Inafinyangwa, inaachwa ishike, inamwagiliwa maji siku kadhaa mpaka ikomae, kwa hiyo anayetaka kuwa tayari Jumatatu alipaswa kuanza wiki iliyopita. Asiyeanza humwambia mkaguzi kwamba nondo “zitanyanyuliwa na koleo wakati wa kumwaga”. Maana yake ni kwamba kibarua mmoja, huku mwenzake mwenye karai la zege akimpigia kelele apishe, atainama kila hatua, ainue wavu mzima wa nondo kwa ncha ya koleo, aushikilie hewani mpaka zege likae chini yake, kisha asogee mbele akaanze upya. Biskuti za mkaguzi ziko kwenye sahani, za nondo ziko kwenye matumaini.

Nondo zenyewe nazo zina mambo yake. Ramani imeandika milimita 12, dukani zilikuwepo za 10, fundi akaamua kwamba milimita mbili haziwezi kuangusha nyumba. Hesabu inakataa: nguvu ya nondo hufuata eneo la mkato wake, na ukishuka kutoka 12 hadi 10 umepunguza chuma kwa karibu asilimia 30. Jambo hili lingeonekana mara moja kwa futi kamba na ramani, lakini ramani yenye muhuri iko kwa shemeji, nakala iliyopo kiwanjani imefungiwa chapati, na ukurasa wa nondo, ambao ndio hasa unaotakiwa, ulitumika kuwashia moto wa uji. Fundi haoni tatizo, kwa kuwa ramani anayo kichwani, ila halmashauri bado haijatoa muhuri wa kugonga kwenye kichwa. Bikoni nazo hazionekani, maana lori la mchanga lilimwaga tripu nzima juu yake. Hapo mpaka unatambuliwa kwa kunyoosha kidole kuelekea mwembe, na jirani, mwenye mwembe wake, anacho kidole anachonyooshea kwingine. Maandalizi yenye maana ni mepesi kuyataja: kibali na ramani zote ziwe kiwanjani, bango la mradi lisimame, bikoni zifukuliwe, mtaro uwe mkavu, nondo na ringi zifungwe kwa nafasi iliyoandikwa, na fundi mkuu apitie yote hayo pamoja na mwenye nyumba siku moja kabla. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkaguzi apewe futi kamba siku hiyo hiyo ya kwanza.

Hapa wenye kujenga watanirukia, na wana haki. Mashine ya zege imekodiwa kwa siku, vibarua wamefika alfajiri, wingu limetanda, na mkaguzi hapokei simu. Halmashauri inayompa mwananchi sharti la kukaguliwa kisha ikakosa mtu wa kumkagua inastahili lawama yake kamili. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Anayeagiza zege na mkaguzi asubuhi moja ameshajijibu mwenyewe, na mkaguzi ameitwa kama shahidi tu. Akisema ringi zimeachana mno, nani atawaambia vibarua warudi nyumbani na mashine izimwe? Zege liagizwe baada ya saini, si kabla, na taarifa ya kuomba ukaguzi ipelekwe mapema kwa maandishi, nakala ibaki na tarehe ya kupokelewa, ili mkaguzi akichelewa ajulikane aliyechelewa. Kusubiri siku mbili kuna gharama, sikatai. Ila msingi uliokwisha kufukiwa, ukitiliwa shaka, uthibitisho wake ni kuufukua, kulitoboa zege na kupeleka vipande maabara, au kubomoa, na hakuna kati ya hayo kinachomalizika kwa posho ya vibarua ya siku mbili.

Wapo watakaosema babu alijenga bila kibali wala mkaguzi na nyumba yake haikumwangukia mtu. Ni kweli, na tumshukuru. Ila babu alijenga vyumba viwili na baraza, kuta za miti na udongo, paa la makuti, na nyumba ile ilipochoka iliegemea upande mmoja miaka mitatu kabla haijaanguka, ikawapa watu muda wa kutoa vitanda. Mjukuu anapandisha ghorofa nne kwa imani ile ile, na ghorofa haina staha hiyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 2016 ikawa Huruma, Nairobi, ambako jengo la makazi kando ya mto liliwaua watu wapatao 50. Novemba 2024 ikawa Kariakoo, Dar es Salaam tena. Misiba hiyo haikuwa na chanzo kimoja, lakini baada ya kila mmoja maswali yalikuwa yale yale: kibali kiliruhusu nini, nani alikagua, na alikagua lini. Ni maswali ambayo mtaro ukiwa wazi hujibiwa kwa dakika chache na mtu mwenye futi kamba, na ambayo chini ya kifusi huundiwa tume.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini: mkaguzi mwenyewe anataka chai, sasa kujiandaa kwa ajili gani? Wa namna hiyo wapo, na sheria iwashughulikie. Lakini anayeuza lazima awe na bidhaa, na mkaguzi wa chai anauza kimya. Kimya kina bei pale tu penye la kunyamazia, kama ringi zilizorukwa, ukuta uliovuka mpaka, au ghorofa ya tatu ambayo kwenye kibali haimo. Mwenye karatasi kamili na msingi ulio sawa anaweza kuzungushwa wiki nzima, lakini anaweza pia kwenda kwa mkurugenzi kulalamika bila kuogopa kuulizwa swali la pili. Mkaguzi huyo akija, akapekua, akakosa, akaondoka amenuna, mwache anune. Nyumba haibebwi na tabasamu la mkaguzi.