Malori Elfu Sitini ya Kifusi

Katika jumla ya mambo ambayo wazee wetu hawakupata kuyahofia, mojawapo ni ramani ya nyumba kunenepa. Ramani ya karatasi, madhali imekwisha kuchorwa, hubaki na uzito uleule mpaka mchwa waipate, na hata hapo hupungua tu, haizidi. Ama ramani ya siku hizi, ile ichorwayo ndani ya AutoCAD na kuhifadhiwa katika faili la DWG, ina tabia ya kuongezeka mwili kila ipitapo mikononi mwa mtu, ijapokuwa mtu huyo hakuongeza hata dirisha moja. Na aghalabu utakuta nyumba ya vyumba vitatu na choo cha nje ina megabaiti zaidi ya hamsini, ilhali Gmail haichukui kiambatisho kinachozidi megabaiti 25.

Unene huo hautokani na matofali. Mchoraji anapochukua mlango au mti kutoka katika faili la mwenzake, huja navyo, bila kualikwa, majina ya programu zote zilizowahi kuligusa faili lile, na aina za mistari ambazo hakuna aliyezichora, na orodha za skeli ambazo hakuna atakayezitumia. Nimepata kuiona orodha moja ya namna hiyo. Ramani inapounganishwa ndani ya ramani nyingine, jina la skeli huweza kuongezewa neno XREF, na ikiunganishwa tena huongezewa tena, hata skeli ya 1:100, ambayo ni mtu wa kawaida kabisa katika fani yetu, ikajikuta ina nasaba ndefu kuliko ya sultani: Moja kwa Mia bin Xref bin Xref bin Xref, pamoja na ndugu zake maelfu, wote wamo failini wanakula na hakuna hata mmoja afanyaye kazi.

AutoCAD yenyewe imepewa njia za kuwafukuza. Iko amri ya PURGE, iondoayo visivyotumika. Iko AUDIT, ikaguayo makosa. Iko OVERKILL, ifutayo mistari iliyolaliana. Na iko WBLOCK, ambayo huhamisha kilicho cha kweli kwenda katika faili jipya na kuyaacha masalia nyuma. Kasoro ni kwamba watu wengi huifungua PURGE katika dirisha lake, wakabonyeza mara moja, wakadhani wamemaliza, ilhali yale majina ya programu huondoka vizuri zaidi ukiiandika amri hiyo kwa mkono, ukaitangulizia kistari na kuchagua Regapps. Na wale wanaokimbilia kulifunga faili kwa zipu hupata faida haba, kwa kuwa tangu muundo wa mwaka 2004 faili la DWG hubanwa na AutoCAD yenyewe.

Basi mtu akichoka na hayo yote, hutafuta programu ya pembeni, na sitaki idhaniwe kwamba nawabeza wazitengenezao. Autodesk, iliyoitoa AutoCAD mwaka 1982, haikuwatangazia watu siri za ndani za DWG. Kwa hiyo mwaka 1998 ukaundwa umoja ambao leo unaitwa Open Design Alliance, ukaichambua DWG wenyewe, na mwaka 2006 Autodesk ikaushitaki kwa sababu ya alama iliyotiwa katika mafaili ili kuonyesha kwamba ni ya Autodesk, na shauri likamalizika kwa maafikiano mwaka uliofuata. Hata leo, ukilifungua faili lililohifadhiwa na programu isiyo ya Autodesk wala isiyo na leseni yake, AutoCAD huweza kukuonya kwa sauti ya mkwe asiyeridhika. Pamoja na hayo BricsCAD, iliyojengwa juu ya maktaba ya umoja huo, inawatumikia wachoraji kwa uaminifu, na zipo programu ndogo za pembeni zenye uwezo wa kusafisha mafaili mia kwa usiku mmoja huku mwenyewe amelala, jambo ambalo mchoraji akilifanya kwa mkono atahitaji kwanza kuachana na jamaa zake. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa fedha yake, faida hiyo si ndogo.

Sasa niwahadithie habari za Lushoto.

Alikuwapo mstaafu mmoja aliyekusudia kujijengea nyumba ya uzeeni huko, katika milima ya Usambara, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja chake kimeinama hata mbuzi hulazimika kufikiri kabla ya kulala. Mpima ardhi alikipiga picha kwa droni, akatuletea ofisini Tanga ramani ya kontua yenye megabaiti 70. Kijana wetu wa michoro, mtu wa bidii ambaye ila yake pekee ni kutovumilia kitu kichelewacho, alitakiwa aipeleke kwa mhandisi Dar es Salaam, na mtandao siku ile ulikuwa ukisuasua. Akaipitisha katika kijiprogramu cha bure chenye kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Faili likatoka na megabaiti 4. Sote tulikusanyika nyuma ya kiti chake tukalistaajabia, na mkuu wetu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema mashallah.

Kwa kuitazama, ramani haikuwa na dosari. Lakini chini ya kile kitufe palikuwa na visanduku vilivyokwisha kutiwa alama kabla ya mtu kuulizwa, na kimojawapo kiliamuru kila mstari ulazwe katika kimo cha sifuri. Amri hiyo si ya kipumbavu kwa asili yake: katika ramani ya sakafu, mstari uliopanda juu kwa bahati mbaya huzuia wenzake kukutana nao, na mchoraji hufurahi ukilazwa. Walakini mstari wa kontua hauna kazi nyingine duniani isipokuwa kubeba kimo. Tarakimu zilizoandikwa kandokando yake, kwa kuwa ni maandishi matupu, zilibaki zikisema 1,405 na 1,410 kama kwamba hapana lililotokea. Bali programu ya kupigia hesabu za udongo haisomi maandishi, husoma kimo, na kwa mujibu wake Lushoto yote ilikuwa imeteremshwa ikawekwa sawasawa na maji ya bandari ya Tanga.

Mhandisi akatia usawa wa sakafu kama ulivyoandikwa na mbunifu majengo, yaani mita 1,412. Akatia ukubwa wa jukwaa la nyumba, mita 20 kwa 15. Kisha akaiuliza kompyuta kifusi gani kitatosha kulijaza pengo lililo baina ya ardhi na sakafu. Kompyuta, ambayo haijapata kufika Lushoto, ikajibu bila ya haya: mita za ujazo 423,600, ambazo kwa lori la mita saba ni safari 60,515. Mhandisi alikuwa na kazi nyingine mezani. Akaibandika hesabu katika makadirio, na makadirio, ambayo sasa yalikuwa mepesi mno kusafiri, yakamfikia mstaafu kabla ya adhuhuri.

Mstaafu alipiga simu, wala hakughadhibika. Alikuwa amelitumikia taifa miaka mingi na makadirio ya ajabu hayakuwa mageni kwake. "Bwana," alisema, "malori nimeyaona. Nilitaka kuuliza tu kama inajuzu kuyaleta kidogo kidogo."

Tulikuwa hatujapata jawabu, simu ikachukuliwa na fundi wake, mzee mwashi mwenyeji wa hukohuko. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wanangu, huku kwetu mahali tambarare ni kitandani tu, hilo nakubali. Lakini kifusi hiki mlichokiandika ni mlima mwingine, na mlima tunao tayari."

Kwa rehema za Mungu, yule kijana alikuwa amelihifadhi faili jembamba kwa jina jingine, na ramani ya asili ilikuwa salama na unene wake wote. Akaisafisha kwa amri za AutoCAD, akapunguza nukta za kontua bila ya kugusa vimo vyake, nayo ikashuka hadi megabaiti 22, ambazo Gmail ilizibeba. Kifusi kilichohitajika kweli kilikuwa malori 14.

Kiwanja kilichozama baharini mwashi hukiona, lakini yako madhara ambayo hakuna mwashi wa kuyaona. Mwezi wa Juni 2012 kampuni ya ESET ilitangaza habari za kirusi ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, lugha ileile ya vijiprogramu vingi vinavyopakuliwa bure kwa ajili ya AutoCAD. Kilienea hasa Peru, na kazi yake ilikuwa kuichukua michoro ya watu na kuituma kwa barua pepe katika akaunti zilizokuwa China; michoro hiyo ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Tangu AutoCAD 2014 upo ulinzi wa SECURELOAD, ambao huuliza kabla ya kupokea programu itokayo mahali pasipoaminiwa, ingawa kwa nilivyoona mimi, watu hujibu ndiyo kabla ya swali kumalizika. Ama zile tovuti zinazokutaka uwapelekee faili lote nao wakurudishie likiwa jembamba, hizo kwa ramani ya banki au ya nyumba ya mtu mwenye adui mimi nazikataa moja kwa moja, kwa maana faili hurudi, lakini nakala iliyobaki kwao hakuna ajuaye italala kwa nani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa na ramani ya mlimani unayotaka tuifanyie kazi, ilete na unene wake. Mtandao ukikataa, itie katika flashi, mpe kondakta wa basi la asubuhi litokalo Lushoto, unipigie simu. Mimi mwenyewe nitakwenda kuipokea stendi.