Bosi Kanunua Mashine ya Kutupoza Roho

Mfyuuu! Acheni nisonye kwanza ndipo niseme. Kuna kampuni moja ya kugomboa mizigo bandarini hapa Dar, jina tulimeze, imenunua akili mnemba ya kupima msongo wa mawazo wa wafanyakazi. Naam, mmesikia sawasawa. Vijana wanakesha wakisubiri mtandao ushike, mteja anapiga simu anatukana, bosi naye anapiga anatukana, halafu asubuhi kompyuta inawauliza kwa upole wa shangazi: "Leo unajisikiaje?" Chini yake vikatuni vitano, kuanzia anayelia hadi anayekenua. Bonyeza kimoja.

Sasa nani abonyeze anayelia, jamani, na mkataba wenyewe wa miezi mitatu? Ofisi nzima inakenua. Skrini ya bosi imejaa meno matupu, naye anajipongeza kwamba watu wake wana raha.

Mdogo wetu mmoja wa hapa kijiweni yuko huko. Saa 5 usiku, WhatsApp ya bosi: "Naomba hizo nyaraka za kontena kabla sijalala." Hajakaa sawa, unaingia ujumbe wa mashine: "Tumeona bado uko kazini. Usingizi ni afya. Vuta pumzi ndefu mara nne." Kavuta, maskini. Kisha kaendelea na nyaraka. Panya tunamlaumu bure. Yeye akiuma hupuliza mwenyewe. Huyu bosi kuuma anauma, kupuliza kamwajiria kibarua!

Na msidhani ugonjwa wenyewe ni wa kubuni. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walisema mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Hata wale wa viwango vya kimataifa walitoa mwongozo wao mwaka 2021, ISO 45003. Ukiusoma, unakutuma ukatazame kazi ilivyopangwa: mzigo umezidi? Saa je? Nani ananyanyasa nani? Lakini kupunguza mzigo kuna gharama, pumzi ni ya bure. Lahaula!

Mashine ingekuwa na faida ingepewa kazi ya maana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja saa 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Hesabu hiyo mashine inaimaliza kabla hujapuliza kahawa. Lakini wakubwa wa kampuni, juu ya vile vikatuni, wanataka ichungulie na nyuso za watu! Huko Ulaya, tangu Februari 2025, sheria yao ya akili mnemba imepiga marufuku mashine kusoma hisia za mfanyakazi usoni au kwenye sauti, labda iwe kwa sababu za tiba au usalama. Huku kwetu muuzaji anashuka na begi lake, anapewa soda.

Halafu kuna hili la Nairobi, hili ndilo linalonikaba. Mwaka 2023 jarida la TIME liliandika habari za vijana wa kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma maandishi ya ubakaji na mauaji ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Ujira wao haukufika dola 2 kwa saa. Wapo waliosema akili zao ziliumia. Yaani mashine ijue kusema nasi kwa adabu, kwanza watoto wa watu wakose usingizi! Leo ukoo huohuo wa mashine ndio unatumwa kutufundisha kulala.

Tuyaache, maana kahawa inapoa. Mwezi uliopita ile mashine ya bandarini, kwa kuchungulia nyuso badala ya vikatuni, imetoa ripoti: msongo unapanda kila Jumatatu, mara tu baada ya kikao cha bosi. Bosi kasema mashine ina hitilafu. Kaitwa fundi, kaikagua hadi jioni, kasema nzima kabisa. Basi bosi kaamuru Jumatatu zitolewe kwenye vipimo. Fundi naye hadi leo hajalipwa. Juzi kapita hapa, salamu hakuitikia.